Kaya ngapi, na za namna gani? Njia nne za kukadiria kaya za kesho

Sensa ya Kenya ya Agosti 2009 ilihesabu watu 38,610,097 katika kaya 8,767,954. Ile ya Agosti 2019 ikahesabu watu 47,564,296 katika kaya 12,143,913. Kwa miaka kumi hiyo watu waliongezeka kwa asilimia 23, kaya zikaongezeka kwa zaidi ya asilimia 38. Anayepanga mita za maji, nguzo za umeme au nyumba za kupangisha hahesabu vichwa tu, anahesabu majiko, na majiko yalikwenda mbio kuliko vichwa.

Mwaka 2009 kila kaya ilikuwa na wastani wa watu 4.4. Mtu angeushikilia wastani huo, tena akabahatika kukisia idadi ya watu ya 2019 bila kukosea hata mmoja, angetabiri kaya milioni 10.8. Angepungukiwa na kaya milioni 1.3 hivi. Watu angewapata wote. Kilichompita ni jinsi wanavyokaa.

Ndiyo maana makadirio ya kaya ni kazi inayojitegemea, na ndiyo maana maafisa mipango wa kaunti, wanafunzi wa takwimu na watu wa kampuni za maji hukwama kwenye swali lile lile: nitumie njia ipi? Ziko nne kubwa. Nimezipima zote kwa maswali yale yale. Inafanyaje kazi, na je, inatoa idadi tu au hata aina za kaya? Inataka data gani? Inamla mtu muda kiasi gani? Ikikosea, hukosea vipi? Na inamfaa nani?

Kwanza, chungu kimoja

Kabla ya njia yoyote kuna neno lenyewe. Katika takwimu, kaya ni watu wanaokaa pamoja na kula chungu kimoja. Linasikika jepesi hadi uende kulihesabu.

Agosti 2019 nilikuwa karani wa sensa Kilifi, mbali na barabara ya lami. Boma moja lilikuwa na nyumba tano na majiko matatu. Nikaketi kwenye kigoda mbele ya jiko la kwanza.

"Mama, mkuu wa kaya hii ni nani?"

"Ni baba watoto."

"Usiku ule wa sensa alilala hapa?"

"Alale hapa wapi, mwanangu? Yuko Mombasa kazini. Anarudi mwisho wa mwezi."

Sensa ile ilimhesabu mtu pale alipolala usiku wa kuamkia tarehe 25. Kwa hiyo mume alihesabiwa Mombasa, katika chumba cha kupanga, na mama huyu nikamwandika yeye kuwa mkuu wa kaya. Hakufurahi. Aliniomba niliandike jina la mumewe japo chini kabisa ya dodoso, nami nikamweleza kwamba sina ruhusa. Mke mwenza, hatua kumi kutoka pale, alikuwa na jiko lake, basi naye ni kaya yake. Kijana wa miaka 22 alikuwa na kijumba chake mwenyewe lakini chakula alikula kwa mama: huyo si kaya, ni mwanakaya. Boma moja, kaya tatu, na mbili kati yake zikaongozwa na wanawake ambao wenyewe hawakujiona wakuu.

Nimelieleza hili kwa urefu kwa sababu njia zote nne zinakula data iliyokusanywa hivyo. Sensa mbili zikitofautiana hata kidogo katika maana ya kaya au ya mkuu wa kaya, utaona "mabadiliko" ambayo hayakutokea katika boma lolote. Soma maelekezo ya makarani ya sensa zote mbili kabla ya kufungua kompyuta.

Njia ya kwanza: wastani wa watu kwa kaya

Inavyofanya kazi. Unachukua makadirio ya idadi ya watu, unawatoa wanaoishi katika taasisi kama shule za bweni na magereza, kisha unagawanya kwa wastani wa watu kwa kaya. Jibu ni idadi tu. Kazi ya kufikiri iko kwenye wastani: utaubakiza ulivyo, au utaushusha? Kenya ulishuka kutoka 4.4 hadi 3.9 kwa miaka kumi. Ukiuendeleza mteremko huo kwa mstari ulionyooka, mwaka 2029 unakuwa 3.4, jambo linalowezekana. Ukizidi kuuburuta mstari, karibu mwaka 2080 kila Mkenya anaishi peke yake, na watoto wachanga nao. Kwa hiyo mteremko lazima upunguzwe kasi mahali fulani, na mahali hapo unapachagua wewe.

Data. Sensa moja inatosha kuanza, mbili ni bora. Takwimu huchapishwa hadi ngazi za chini, kwa hiyo hata kata ndogo hukosi pa kushika.

Muda. Asubuhi moja na lahajedwali.

Inapokosea. Wastani huficha. Mwaka 2019 Nairobi ilikuwa na watu 2.9 kwa kaya, Mandera 6.9. Ile 3.9 ya taifa haimwelezi wa Nairobi wala wa Mandera. Kuna mtego mwingine pia: Mandera iliandikwa watu 1,025,756 mwaka 2009 na 867,457 mwaka 2019, na hesabu za kaskazini mashariki zimebishaniwa hadi mahakamani. Ukivuta mstari kati ya sensa mbili za namna hiyo, unavuta mstari kati ya mabishano mawili. Zaidi ya hapo, njia hii haijui kwa nini wastani unashuka. Je, ni uzazi uliopungua, ambao katika tafiti za afya na uzazi za Kenya ulishuka kutoka watoto 4.9 kwa mwanamke mwaka 2003 hadi 3.4 mwaka 2022? Au ni vijana wanaohama kwa wazazi mapema? La kwanza linapunguza watu ndani ya kaya ile ile. La pili linazaa kaya mpya. Kwa mgawanyo huu yote mawili yanaonekana sawa.

Inamfaa anayetaka idadi tu, kwa miaka mitano au kumi, katika eneo dogo lisilo na data nyingine. Wako wanaoidharau njia hii. Mimi siidharau: nikiwa na njia kubwa zaidi bado naifanya hii pembeni, nione kama kompyuta haijaniletea jambo lisilowezekana.

Njia ya pili: viwango vya ukuu wa kaya

Inavyofanya kazi. Kila kaya ina mkuu mmoja. Ukijua wakuu ni wangapi, umejua kaya ni ngapi. Unawagawa watu kwa umri na jinsia, ukiweza hata kwa hali ya ndoa, kisha katika kila kundi unatafuta sehemu ya watu ambao ni wakuu wa kaya. Tuseme mji una vijana 10,000 wa miaka 25 hadi 29, na 4,200 kati yao ni wakuu: kiwango ni 0.42. Makadirio ya watu yanasema baada ya miaka kumi kundi hilo la umri litakuwa na watu 13,000. Tabia ikibaki ile ile, watakuwa na kaya 5,460. Kiwango kikipanda hadi 0.48, ni kaya 6,240. Kaya 780 za tofauti zimetokana na tabia peke yake, na sasa unaziona.

Hapo ndipo ilipo nguvu ya njia hii: inatenganisha watu kukua na watu kubadilika. Inatupa pia utulivu fulani. Karibu wote watakaokuwa wakuu wa kaya miaka 15 ijayo wamekwisha kuzaliwa, kwa hiyo ukikosea uzazi wa kesho, idadi ya kaya za kipindi hicho haiyumbi sana. Kinachoyumba ni ukubwa wa kaya.

Kuhusu aina za kaya, unapata kwa kiasi, ukiwapanga wakuu kwa kaya wanazoongoza: za mtu mmoja, za mzazi mmoja, na kadhalika. Njia hii ina ndugu yake wa karibu, inayotumiwa na ofisi ya takwimu ya Ujerumani, ambayo haiangalii wakuu tu. Inauliza kila mtu wa kila umri anaishi katika kaya ya watu wangapi. Ukiona kuwaita watu "wakuu" kunakusumbua, itazame hiyo.

Data. Viwango kwa umri na jinsia kutoka sensa mbili au zaidi, pamoja na makadirio ya watu kwa umri na jinsia. Kwa Kenya, sampuli za sensa za 1989, 1999 na 2009 hupatikana kwa watafiti kupitia IPUMS, hifadhi ya data za sensa za nchi nyingi, kwa hiyo mtu anaweza kuvikokotoa mwenyewe.

Muda. Wiki chache, nyingi zikiishia kwenye kusafisha data. Kiwango hakiwezi kuzidi 1 wala kushuka chini ya 0, basi usikiendeleze kwa mstari ulionyooka. Tumia fomula inayokizuia ndani ya mipaka hiyo.

Inapokosea. Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu kuna kisa cha Uingereza ambacho kila mpangaji angepaswa kukijua. Makadirio ya kaya za England yaliyoanzia mwaka 2014 yalisema kaya zitaongezeka kwa 210,000 kila mwaka. Kisha kazi ikahamia ofisi ya takwimu, ONS, ambayo Septemba 2018 ilitoa makadirio yaliyoanzia 2016: kaya 159,000 kwa mwaka. Makadirio ya watu nayo yalikuwa yameshuka, lakini lilikuwapo jambo la pili. Mfumo wa zamani ulivuta mwelekeo wa viwango tangu 1971. ONS ilitumia sensa mbili tu, ya 2001 na ya 2011, ikaviendeleza viwango hadi 2021 kisha ikavisimamisha hapo.

Kati ya 2001 na 2011 bei za nyumba zilikuwa zimepanda, na vijana wengi walibaki kwa wazazi. Ukikiita kipindi hicho mwelekeo wa kawaida, kompyuta itakuambia vijana hawahitaji nyumba. Serikali ikisikia hivyo haijengi, na vijana wanazidi kubaki kwa wazazi. Uhaba unajiandika kwenye makadirio na kujiita tabia. Serikali iliona hatari hiyo, ikaziagiza halmashauri ziendelee kupimia mahitaji ya nyumba kwa makadirio ya 2014. Ofisi ya takwimu haikuwa imedanganya mtu. Ilikadiria kaya zitakazoundwa hali ikiendelea ilivyo, na hizo si lazima ziwe ndizo ambazo watu wangeziunda wangepata pa kukaa. Anayekadiria kaya za Nairobi, ambako vijana wawili au watatu huchangia bedsita moja kwa sababu ya kodi, yuko kwenye mtego huo huo.

Udhaifu wa pili umeuona Kilifi: ukuu ni jambo la nani alikuwapo usiku ule na nani aliulizwa. Na asiye mkuu haonekani. Mke, watoto, bibi na mpwa anayesomeshwa mjini hujazwa baadaye, kama wanajazwa.

Inamfaa ofisi ya kaunti au wizara inayotaka idadi ya kaya kwa umri na jinsia ya wakuu, kwa miaka kumi hadi ishirini na mitano, na iliyo tayari kutoa makadirio mawili au matatu yenye viwango tofauti.

Njia ya tatu: kuwafuata watu wanapobadili hali

Inavyofanya kazi. Badala ya kuuliza wakuu ni wangapi, njia hii inauliza watu wanatoka hali gani na kuingia ipi. Mtoto kwa wazazi anahama na kukaa peke yake. Anaoa au anaolewa. Anazaa. Anaachika, au anafiwa, kisha pengine anarudi kwao. Kila hatua ina uwezekano wake kwa umri na jinsia, na mwaka baada ya mwaka makundi ya watu yanasogezwa kutoka kisanduku kimoja hadi kingine. Evert van Imhoff na Nico Keilman waliunda programu ya LIPRO kwa ajili ya Uholanzi na kuieleza mwaka 1991. Zeng Yi na wenzake waliunda nyingine, ProFamy, wakijenga juu ya kazi ya John Bongaarts ya miaka ya 1980. Hapa aina za kaya ni nyingi kweli: mama na watoto bila mume, wazee wawili, vizazi vitatu chini ya paa moja. Idadi ya watu na kaya zinakadiriwa kwa pamoja, hazigombani.

Data. Viwango vya ndoa, talaka, ujane, uzazi kwa idadi ya watoto waliokwisha kuzaliwa, na kuhama kwa wazazi, vyote kwa umri. Uholanzi wanavyo kwenye rejista ya watu. Kwetu vinapatikana vipande vipande kwenye tafiti za afya na uzazi. Talaka zisizopita ofisi yoyote na watu wanaokaa pamoja bila ndoa havirekodiwi vizuri.

Muda. Hesabu miezi, na mtu aliyesomea demografia. ProFamy imejitahidi kupunguza mzigo: inaruhusu kuazima umbo la mkunjo wa umri, yaani jinsi kiwango kinavyopanda na kushuka kadiri umri unavyosogea, kutoka kwingine, kisha unarekebisha kimo chake kwa takwimu zako.

Inapokosea. Wanaume wanaoingia kwenye ndoa lazima wawe sawa na wanawake wanaoingia, na kulilazimisha hilo ndani ya hesabu ni kazi. Modeli hizi zilizaliwa katika nchi za mume mmoja na mke mmoja. Yule mzee wa boma la Kilifi, mwenye wake wawili na majiko mawili, hana kisanduku chake. Unaweza kukitengeneza, lakini usikisahau. Na kila kiwango unachokisia kinaongeza kosa lake. Viwango kumi vilivyokisiwa vinaweza kukupa picha yenye rangi nyingi lakini yenye ukweli mchache kuliko kiwango kimoja kilichopimwa.

Inamfaa anayeuliza "kwa nini" na "ingekuwaje kama": umri wa kuolewa ukipanda kwa miaka miwili, kaya za wazee wanaoishi peke yao zitakuwa ngapi? Wizara inayoandaa pensheni au malezi ya wazee ndiyo mteja wake.

Njia ya nne: kuiga maisha ya mtu mmoja mmoja

Inavyofanya kazi. Unaunda ndani ya kompyuta watu wa kubuni, maelfu au mamilioni, kila mmoja na umri, jinsia na ndugu zake. Kila mwezi au kila mwaka kompyuta inarusha kete kwa kila mmoja: je, anazaa, anahama, anafariki? Kaya zinaibuka zenyewe. Wazo lilitolewa na mwanauchumi Guy Orcutt mwaka 1957. SOCSIM, programu ya uigaji iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, hufuata hasa mahusiano ya ukoo. Mwaka 2011 Emilio Zagheni aliitumia kwa Zimbabwe, akitazama yatima wa UKIMWI wamebakiwa na ndugu gani: shangazi, mjomba, bibi. Hilo hakuna njia nyingine kati ya hizi inayoliona, kwa sababu hesabu za makundi hazikumbuki nani ni dada ya nani.

Data. Viwango kama vya njia ya tatu, na zaidi ya hapo watu wa kuanzia, kwa kawaida sampuli ya sensa.

Muda. Miezi mingi au miaka, mtaalamu wa programu, na kompyuta yenye nguvu.

Inapokosea. Kete ni kete. Ukirusha mara moja unapata jibu moja kati ya mengi, kwa hiyo inaendeshwa mara nyingi na kuchukuliwa wastani. Katika kata ndogo majibu huyumba mno. Na ni vigumu kwa mtu wa nje kuikagua. Diwani akikuuliza namba imetoka wapi, hutaweza kumwonyesha kwa karatasi na kalamu.

Inamfaa mtafiti au taasisi ya taifa yenye swali linalohusu mtu na ndugu zake: nani atamlea nani, ruzuku itaifikia kaya ipi.

Ukiwa katika hali hii

Uko kampuni ya maji ya mji mdogo, unataka mita za miaka saba ijayo, na kikao ni wiki ijayo. Tumia wastani, lakini wastani wa eneo lako, usiazime wa taifa. Toa namba mbili: moja wastani ukibaki, nyingine ukiendelea kushuka kwa nusu ya kasi ya zamani.

Unaandaa mpango wa makazi wa kaunti wa miaka ishirini. Viwango vya ukuu wa kaya ndivyo vya kushika. Andika wazi kipindi ulichochotea mwelekeo na hali ya kodi za nyumba wakati huo, kisha weka kando hesabu ya watu wanaobanana sasa hivi. Hao hawamo kwenye makadirio, lakini nyumba wanazihitaji.

Unaulizwa kuhusu wazee watakaokuwa peke yao, au akina mama wanaolea bila waume. Ukiwa na viwango vya kuaminika vya ndoa na ujane, njia ya tatu itakulipa. Ukiwa huna, chukua viwango vya ukuu wa kaya, uvigawe kwa hali ya ndoa na aina ya kaya, ukomee pale data inapokomea.

Swali lako likiwa na neno "ndugu" ndani yake, uigaji ndio pekee unaolijibu. Tafuta chuo kikuu cha kushirikiana nacho mapema, kabla bajeti haijafungwa.

Ukiwa mwanafunzi unayetafuta mada, chukua kaunti moja, fanya njia ya kwanza na ya pili kwa data ya 1999 na 2009, ukadirie 2019, kisha ulinganishe na kilichohesabiwa. Jibu unalo tayari mezani, na utaona kwa macho yako ni umri upi, na jinsia ipi, uliokuponyoka.